Barua ya Mama Cheche

Kila asubuhi, majirani wakiwa bado wanakunywa chai, Mama Cheche huwa ameshawasha mashine yake ya kuchomelea vyuma. Karakana yake iko mbele ya nyumba, kando ya barabara. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Jina hilo alipewa kwa sababu ya cheche zinazoruka akiwa kazini. Jina lake la kuzaliwa wengi wamelisahau, na yeye halalamiki.

Mumewe ndiye anayepima, anayekata na anayepaka rangi. "Mimi ni msaidizi wa mke wangu," huwaambia wateja. Wengine hucheka. Yeye huendelea kupaka rangi.

Mwaka ule kazi zilipungua. Mageti ya kiwandani yalijaa madukani, na wiki mbili zikapita bila mteja hata mmoja. Kaka yake mume, anayefanya kazi katika mgodi wa mbali sana, akapiga simu. Nafasi ilikuwepo, alisema, ila likizo ni mara moja kwa mwaka.

"Mara moja kwa mwaka?" Mama Cheche alimuuliza mumewe. "Kwa hiyo watoto watakujua kwa picha?"

"Sasa tufanyeje, mama watoto? Kaka anataka jibu mwisho wa mwezi."

Mama Cheche aliumia moyoni, lakini hakulia. Jumatatu alimpeleka mtoto hospitali, akaona tangazo ubaoni. Hospitali ilitafuta fundi wa kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu kwa mwaka mzima. Anayeitaka kazi aandike barua. Mwisho ni Ijumaa.

"Kazi hii siikosi," alisema moyoni.

Kuandika hakukuwa kugeni kwake. Aliwahi kuhudhuria semina ya barua za biashara. Watu themanini walijaa ukumbini, mkufunzi akawaambia waandike kwa ufasaha, wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Barua ya Mama Cheche hakuna aliyeitazama.

Basi akaenda kwenye duka la kuchapa. Mwenye duka alikuwa na barua moja tu ndani ya kompyuta yake. Kila mteja aliuziwa barua ileile, jina tu ndilo lililobadilishwa. Karatasi ilitoka safi na yenye maneno mazito. Mama Cheche akaipeleka kwa jirani yake wa mbele, amwonyeshe.

Jirani huyo huitwa Katibu. Alifanya kazi ya ukatibu ofisini miaka ishirini na sita, na kila barua ilipitia mikononi mwake. Ana roho nzuri na ulimi mkali. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Ninajua kutumia kompyuta. Ninaweza kufundisha madarasa yote ya msingi.'" Akainua macho. "Mdogo wangu, umeanza lini ualimu?"

Mama Cheche aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Mwenye duka alisahau kufuta sifa za mteja aliyetangulia!

"Na vitanda viko wapi humu?" aliuliza Katibu.

Havikuwemo.

"Basi niandikie wewe, dada. Wewe ndiye unayejua."

"Siandiki ng'o! Nikikuandikia leo, mwakani utarudi tena. Halafu vitanda unavijua wewe. Mimi najua kuvilalia tu. Keti hapo. Vitanda vya hospitali huharibika wapi?"

Hapo Mama Cheche hakuhitaji kufikiri. "Miguuni, pale gurudumu linapoingia. Bomba lake ni jembamba, linapasuka. Mafundi wengi huchomelea palepale juu ya ufa. Mwezi haupiti, linapasuka tena. Mimi hukata kile kipande, naingiza bomba nene, ndipo nachomelea."

Katibu akapiga meza. "Andika hayo!"

"Hayo maneno ya karakana? Ofisi si inataka maneno makubwa?"

"Nani kakudanganya? Anayefungua barua ana rundo mbele yake, na tumbo linamwambia twende tukale. Mwambie unaomba nini, utamfanyia nini, na atakupata wapi. Salamu za heshima weka, lakini mstari mmoja unatosha."

Tangu Jumanne wakawa wanakaa wawili kila alasiri, barua katikati yao. Katibu hakuandika hata neno moja. Alikuwa na penseli tu, na mahali asipoelewa aliweka alama ya kuuliza pembeni.

"Umeandika 'kwa muda mfupi'. Ni siku ngapi?"

"Kitanda kimoja, nusu siku."

"Basi sema nusu siku. Na hapa umesema una uzoefu. Uzoefu gani?"

"Nimetengeneza vitanda arobaini vya bweni la shule. Mwaka wa tatu huu, havijarudi."

"Na hilo ulilificha la nini?"

Jumatano Mama Cheche alichoka. Aliikunja karatasi ya nne, akaitupa. "Kule semina hakuna aliyenisumbua hivi!"

"Ndiyo maana ulitoka kama ulivyoingia," Katibu alijibu. "Kule mkufunzi aliongea na watu themanini. Mimi naongea na barua yako."

Mama Cheche huwa habanduki kwenye geti mpaka linyooke, na barua hii nayo hakuwa tayari kuiacha imepinda. Akachukua karatasi ya tano.

Alhamisi barua ilikuwa nusu ukurasa. Mwanzo wake ulikuwa huu: "Naomba kazi ya kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu vya hospitali. Kitanda kilichovunjika mguu nitakirudisha wodini baada ya nusu siku." Katibu aliisoma mara mbili, akaweka penseli chini.

"Sina swali," alisema.

Mama Cheche alifurahi kuliko siku aliyouza geti lake la kwanza. Ijumaa asubuhi aliipeleka kwa mkono wake.

Siku kumi baadaye aliitwa. Msimamizi wa vifaa wa hospitali alikuwa ameishika ile barua.

"Barua zilikuwa hamsini na mbili," alisema. "Nyingi zinasema mwandishi ana bidii. Yako inaniambia vitanda vyangu vinavunjikia wapi. Hebu twende stoo."

Stooni kulikuwa na vitanda kumi na tisa vibovu. Mama Cheche alipiga magoti, akapapasa mguu wa kitanda cha kwanza. Ufa ulikuwa palepale. Msimamizi alimpa vitanda vitatu vya majaribio, na vilipokamilika akampa kazi ya mwaka mzima.

Ulikuwa mwisho wa mwezi. Mume, mikono ikiwa na rangi, alimpigia kaka yake simu.

"Kaka, nashukuru sana, lakini siji. Nimepata kazi hapahapa nyumbani. Ndiyo, ya mwaka mzima. Bosi? Bosi ni mkali, kaka, lakini ananiruhusu kula na watoto wangu kila siku."

Kisha akakata simu, kwa sababu bosi alikuwa anamwita.