Barua Nilizomsomea Mke Wangu Ugenini

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, mstaafu. Nakaa chumba kimoja cha kupanga hapa Bariadi mjini, nyuma ya stendi. Mke ninaye, lakini siishi naye. Nyumba sina. Miaka minne iliyopita nilikuwa navyo vyote viwili...

Naandika haya kwa ajili ya wastaafu wenzangu ambao watoto wao wako nchi za nje na wanawaita. Msome mpaka mwisho kabla hamjafunga mabegi.

Kazi yangu ilikuwa kukagua pamba ya chama cha ushirika. Mkulima akimwaga mzigo wake naingiza mkono katikati ya rundo, nachambua, natamka: hii safi, hii fifi, yaani ya daraja la pili. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita, na watu wa kijiji chetu cha Nkoma walijua kwamba huyu hadanganyiki wala hadanganyi. Kisha soko la pamba likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakabeba safi na fifi kwa pamoja, na sisi wakaguzi tukaambiwa tumepunguzwa. Nikastaafu kabla ya wakati wangu, nikawa mtu wa kukaa barazani nikihesabu malori ya wenzangu.

Ndipo ikaja barua ya mwanangu Faustine. Yeye anafundisha hisabati katika sekondari moja mjini Gaborone, Botswana. Aliandika kwamba ana nyumba ya vyumba vitatu, ana mke mzuri, na hataki wazazi wake wazeekee kwenye vumbi. Twende tukakae naye.

Sisi Wasukuma kuhama hakututishi. Baba yangu alihama kutoka Maswa kufuata malisho, na mimi nilijiambia nahama kama yeye. Kumbe sikuwa nimefikiri! Baba alihama na ng'ombe wake, majembe yake, wake zake, na majirani wawili waliomfuata nyuma. Alipofika alikuwa bado ni yeye yule. Mimi nilihama na begi.

Mke wangu Nyamizi hakukataa. Alitoa sharti moja tu.

"Baba Faustine, nyumba ibaki. Na pale kwenye minyaa pasiguswe."

Niwaeleze kuhusu minyaa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana, Kabula. Surua ilimchukua akiwa na miaka sita. Tulimzika nyuma ya nyumba, na Nyamizi akapanda minyaa kuzunguka kaburi ili mifugo isipite. Kila mwaka aliikata ikae sawa. Faustine alizaliwa baada ya hapo, akakua akicheza kando ya minyaa ile.

Nilimwambia kwamba mdogo wangu Mwandu ataangalia kila kitu. Akaridhika.

Lakini mimi nilikuwa na aibu yangu moyoni. Nilitaka nifike kwa mwanangu nikiwa na changu mfukoni, mkwe asinione mzigo. Na kiwanja chetu kilikuwa kando ya barabara. Mfanyabiashara mmoja wa pamba alikuwa amekitamani muda mrefu, ajenge bohari. Nyamizi alipokwenda Mwamanyili kumuaga kaka yake, siku nne tu, nilikwenda ofisi ya kijiji nikatia saini...

Mnunuzi aliahidi kwa mdomo kwamba kwenye minyaa hatapagusa. Mimi, niliyekaa na karatasi za chama maisha yangu yote, sikumwomba aliandike neno hilo. Mwandu alikataa kuwa shahidi. Aliniambia, "Kaka, hii siyo. Mwambie kwanza shemeji." Nilimjibu kwamba mambo ya nyumba yangu ni yangu.

Nyamizi aliporudi alinikuta nafunga mabegi huku napiga mluzi. Hata Faustine sikumwandikia kwamba nimeuza.

Gaborone ni mji msafi. Faustine na mkewe walitupokea kwa upendo, sitawasingizia. Lakini asubuhi wote wawili walikwenda kazini, geti likafungwa, na sisi wazee tukabaki tunatazamana. Nyumbani, ukitoka kwenda chooni tu, unakutana na watu watatu wa kuwaamkia "mwangaluka", na kila mmoja atakuuliza habari za ng'ombe. Kule nilijua neno moja la Kitswana la salamu, na nikishalisema, mazungumzo yamekwisha.

Nyamizi alinishinda. Macho yake yalishaingia ukungu, hasomi, lakini masikio yake yalikuwa wazi. Baada ya miezi mitatu alikuwa anacheka na mama jirani juu ya uzio. Alipanda viazi nyuma ya nyumba, udongo ukavikataa. Baridi ya mwezi wa saba ilimkunja kama mtoto. Bado hakulalamika. Alikuwa anasubiri.

Alikuwa anasubiri barua za Mwandu.

Ya kwanza ilipofika alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Mwandu aliandika kwamba nyumba imebomolewa na mabati yamepakiwa kwenye lori. Nilitazama karatasi, nikamtazama mke wangu... nikasoma hivi: "Shemeji, nyumba ni nzima. Kuku wako wameongezeka."

Akacheka. "Yule Mwandu, kuku wangu atakuwa anawala." Akaichukua barua, akaikunja, akaiweka kwenye kopo lake la majani ya chai.

Ndugu wasomaji, uongo wa kwanza ni mgumu. Wa pili unakuja wenyewe. Nilimsomea mvua zisizonyesha na mavuno yasiyokuwepo. Alikuwa akinituma nijibu: mwambie Mwandu apalilie pale, mwambie akate minyaa kabla ya mvua. Nami nilishika kalamu nikaandika mengine.

Siku moja Faustine alitupitisha makaburini. Kule huweka fremu za chuma juu ya makaburi na kutandaza neti ya kuzuia jua. Nyamizi aliyaona kwa ukungu wake, akauliza ni nini, akaelezwa.

"Watu wazuri," alisema. "Wanawawekea wafu kivuli. Kabula wangu naye ana minyaa yake."

Nilitazama nje ya dirisha.

Mwaka wa pili ilifika barua ambayo nikifumba macho hata leo naiona. Mwandu aliandika: "Kaka, wamefika kwenye minyaa. Wanataka kumwaga sakafu ya bohari. Nimewaomba wasubiri majuma manne. Ukiniruhusu, nitamhamisha mtoto nimlete kwangu, nitafanya kila linalotakiwa. Lakini siwezi kumgusa bila neno lako na la mama yake. Jibu upesi."

Nyamizi alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya magoti.

"Anasemaje?"

"Anasema minyaa imestawi," nilisema.

Nilitaka kujibu. Mungu ni shahidi wangu, nilinunua stempu. Lakini kila nilipoandika "mhamishe", niliona kwamba lazima niandike pia "na la mama yake", na la mama yake sikuwa nalo. Ili nilipate ilibidi nimwambie yote, tangu ofisi ya kijiji. Nikasema kesho. Kesho nikasema Jumapili, baada ya ibada. Majuma manne yakapita nikiwa na bahasha yenye stempu ndani ya Biblia yangu. Mimi niliyewaambia wakulima mia moja kwa siku "hii fifi" machoni pao, sikuweza kumwambia mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu...

Barua iliyofuata ilikuwa fupi. "Kaka, sikupata jibu. Wamemwaga zege."

Nilimsomea kwamba Mwandu anamsalimu sana.

Kisha mkataba wa Faustine ukaisha na shule haikuuongeza. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya kuondoka nyumbani: kibali chetu cha kukaa kule kilitegemea mkataba wake. Ukiisha wa kwake, na sisi tumekwisha. Faustine alipata kazi nchi nyingine, kwa kibali cha mtu mmoja na mkewe. Alilia alipotuambia. Nyamizi ndiye aliyembembeleza.

"Usilie, baba. Sisi tuna kwetu."

Safari ya basi ilituchukua siku sita. Zambia nzima alikuwa anapanga: choo kihamishwe, mlango upakwe rangi. Nilijaribu kumwambia tulipofika Lusaka. Nilijaribu tena Tunduma, mpakani, tukiwa tumekaa juu ya mabegi tunasubiri kugongewa mihuri. Nilianza, "Mama Faustine, kuna jambo..." Akanikatiza, "Najua, umechoka. Tutapumzika nyumbani." Nami nikaliacha jambo lile, tena kwa nafuu.

Tulishuka Nkoma jua likielekea kushuka. Alinitangulia. Njia ile haikuhitaji macho. Alipofika mahali pa mlango wake, mkono wake uligusa ukuta mrefu wa matofali ya saruji. Akaupapasa kulia, akaupapasa kushoto. Mlinzi wa bohari alitoka, mtu wa makamo.

"Mwadila, baba," Nyamizi alimsalimia.

"Mwadila, mayu. Unamtafuta nani?"

"Natafuta minyaa."

"Minyaa ipi tena? Ile iliyokuwa huku nyuma? Waliing'oa walipojenga, mayu. Mwenyewe nasikia aliuza, akaenda kula maisha Ulaya."

Sikuwa mbali. Nilikuwa hatua tano nyuma yao na begi kila mkono.

Nyamizi hakupiga kelele. Aliomba maji. Mlinzi akamletea kwenye kikombe cha bati na kigoda cha kukalia, na mke wangu akanywa maji kama mgeni mahali alipozalia watoto wawili. Alipomaliza aliuliza, bila kugeuza kichwa:

"Barua zilisema nini?"

Nilimwambia hapohapo, yote, mbele ya mlinzi, ambaye alichukua kikombe chake akaingia ndani.

Alilala kwa Mwandu. Asubuhi alipanda gari la Lamadi, akashukia Mwamanyili kwa kaka yake. Alibeba nguo chache na kopo la majani ya chai.

Nimekwenda huko mara tatu. Hanifukuzi. Ananipa kiti, ananipa chakula. Mara ya tatu alitoa kopo, akapapasa karatasi, akaniwekea zote mapajani.

"Zisome," alisema. "Sasa zisome kama alivyoandika."

Nilisoma. Nyumba, mabati, kuku walioliwa na kicheche. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti, kama zamani. Nilipofika kwenye ile ya minyaa niliisoma harakaharaka, akaniambia niirudie tangu mwanzo. Nikairudia. "Siwezi kumgusa bila neno lako na la mama yake."

"Ningempa neno hilo," alisema Nyamizi. "Ningelia, ningekukasirikia, halafu ningempa. Mtoto angekuwa kwa Mwandu sasa."

Kisha akainuka kwenda kuanua michembe yake, viazi alivyovianika juu ya jiwe, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakuja. Nilitaka kumsaidia. Alisema imebaki michache, atamaliza mwenyewe.

Wastaafu wenzangu, sisemi msiende kwa watoto wenu. Nendeni. Lakini ulizeni kwanza kibali chenu kimeshikwa na nini. Jifunzeni lugha ya jirani kabla ya kulalamika kwamba hana maneno. Msiuze mahali pa kurudia kwa kuwa mnaona aibu kupokelewa mikono mitupu. Mtoto aliyekuita hakuulizia mfuko wako. Na asiwepo mmoja wenu anayejua jambo ambalo mwenzake halijui, maana ugenini mtabaki wawili tu, na huyo mmoja akikudanganya, nani mwingine atakuambia?

Ile bahasha bado ninayo, na stempu yake ya Botswana. Haifai tena kutumwa popote. Nakuomba wewe unayesoma, kama kuna barua ndani ya Biblia yako au chini ya godoro lako ambayo unaogopa kuijibu, usiseme kesho. Mwite mwenzako, mkae, muisome ilivyo.