Mkeka wa Wimbo wa Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Lagimaina, na si mtu wa kutunga uongo. Alikuwa akimalizia kurekodi albamu yake katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Savai'i, nyumbani kwa shangazi yake Folole. Ulibaki wimbo mmoja, nao ulikosa mlio wa mkeka uliokunjwa, ule unaopigwa kwa vijiti viwili. Fundi wa kuupiga alikuwa bibi yake. Bibi alishazikwa, mkeka wake ukabaki umesimamishwa pembeni mwa chumba.

Jioni baragumu la sala likalia. Kijiji kikanyamaza, hata mbwa.

"We Lagi, zima madude yako!" shangazi akamkemea mlangoni. "Saa ya sala hii!"

"Naimba mara moja tu, shangazi. Kimya kama hiki nitakipata wapi tena?"

"Mbishi kama marehemu bibi yako!" Shangazi akasonya, akaenda kusali sebuleni.

Lagimaina akazima taa asionekane, akaimba. Alipojisikiliza, nyuma ya sauti yake mkeka ulikuwa ukilia: tu-tu, tu-tu, kama unamharakisha. Akafuta, akaimba upya. Ukarudi, karibu zaidi. Akavua hedifoni, akachomoa waya.

Tu-tu. Tu-tu.

"Lagi!" Shangazi alinong'ona kwa hasira nyuma ya ukuta. "Mwambie huyo mwenzio aache kupiga. Sala haijaisha!"

Lagimaina akawasha tochi ya simu. Hamkuwa na mtu. Mkeka wa bibi ulikuwa palepale pembeni, na kwa kila pigo vumbi lilikuwa likiutoka.