Nyuzi Zilizoshushwa

Solo alikuwa bafuni, povu la sabuni usoni, aliposikia gitaa likipigwa sebuleni. Alidhani ni redio ya jirani, mpaka mkewe alipopaza sauti kutoka jikoni:

"Haya, mume wangu! Leo vidole vimefunguka. Umejifunza kwa nani?"

Alitoka maji yakimchuruzika. Gitaa lilikuwa limelala kwenye kochi, nyuzi zikitetemeka bado. Nyumbani walikuwa wawili tu.

Jina la Solo alilipata bendini kwa kupiga gitaa la solo, vidole vyake vilipokuwa hai. Sasa baridi yabisi ilikuwa imevikaza, na gitaa aliloachiwa na marehemu kaka yake lilikuwa gumu ajabu, nyuzi zimeinuka hata kidole kinapita chini yake. Kaka alilipiga hivyo hivyo mpaka vidole vikatoka damu. Siku alipomkabidhi alimwambia, "Usizishushe, mdogo wangu. Ugumu huo ni kufuli." Solo alicheka, wagonjwa husema mengi.

Basi jana yake alizilegeza nyuzi, akachomoa kipande cha mfupa kinachozibeba, akakisugua kwenye msasa, akajaribu, akasugua tena, mpaka nyuzi zikalala karibu na shingo na kubonyea kama siagi. Nani wa kumlaumu? Mkono ukiuma, mtu hutafuta wepesi. Unga wa mfupa aliufagia, lakini harufu haikutoka. Ilibaki chumbani kama ya bucha msumeno unapofanya kazi.

Tangu hapo, kila Solo alipotoka, hata kwenda dukani tu, gitaa lilipigwa, na wimbo ulikuwa ule aliomposea mkewe ujanani, ila sasa bila kukosea wala kusita, na mkewe, ambaye miaka mingi hakuwa amesikiliza chochote, aliacha chungu kikiungua akaja kuketi sakafuni, na mchana mmoja Solo aliporudi mapema na kuchungulia dirishani aliona nyuzi zikibonyea zenyewe, moja baada ya nyingine, kama chini ya vidole virefu sana, na mkewe ameinamisha kichwa, amefumba macho, kama mtu anayeshikwa nywele taratibu.

Akamleta mganga. Mganga alinusa mlangoni akakunja uso.

"Huyo mpigaji alikuwa humo gitaani siku zote. Hakuwa na nguvu ya kubonyeza. Wewe ndiye umemrahisishia."

"Niweke mfupa mwingine?" Solo alinong'ona.

"Ameshatoka, utamfungia nani? Sasa ataondoka kwa kauli. Mke na mume, wote wawili, kwa hiari, mseme: ondoka. Mmoja akinyamaza, mmemkaribisha."

"Ondoka," akasema Solo.

Wakamgeukia mke. Alikuwa akijifuta mikono kwenye gauni, mikono iliyokwisha kukauka.

"Sema, mama," mganga alimsihi.

Akaendelea kujifuta.

"Mke wangu," Solo alinong'ona, "huyo si mtu."

"Najua." Hakumtazama. "Lakini wewe uliyekuwa mtu uliwapigia walevi usiku kucha. Mimi ukaniletea uchovu. Huyu, baba, ananipigia mimi."

Solo alijua alichopaswa kusema miaka ishirini iliyopita. Cha kusema leo hakukijua.

Mganga alifunga mkoba wake na kutoka bila kuaga.

Mwanamke akavuta kigoda karibu na kochi, akaketi, akalainisha gauni magotini. Uzi mwembamba ukabonyea.

"Funga mlango," akamwambia mumewe kwa upole, "ukishatoka."