Inalilia Nini?

Kila siku adhuhuri, banda la pampu lililia.

Lilianza taratibu, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha sauti ilipanda, nyembamba, ya mwanamke. Kina mama walijaza ndoo zao mapema, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Hata mbuzi hawakula majani ya upande ule.

Mtu mzima mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mfyatua matofali, na tanuri lake lilikuwa hatua ishirini kutoka bandani. Ikifika saa ile aliweka chini kalibu yake ya kufyatulia, akanawa mikono, akaketi na kuegemea ukuta wa banda. Kwake yeye, aliyelia mle ndani alikuwa marehemu mkewe.

Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka ule pampu iliharibika, ikakaa miezi kumi. Wakubwa waliandikiana barua. Watu wakanywa maji ya bwawa, wakaharisha, wakazikana. Pampu ilipotengenezwa, wakubwa walikuja kukata utepe. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza makaburi yale mapya ni ya nani. Kisha mtambo ukawashwa adhuhuri, kama ulivyowashwa kila siku tangu hapo, nao ukalia.

Binti wa mfyatua matofali alikuwa darasa la saba. Watu walimwita Sikio. Kila mchana siku zisizo za shule alimletea baba chakula, kisha akaingia bandani. Aliweka ncha ya ufito kwenye mtambo, ncha nyingine sikioni. Alifumba macho. Midomo yake ilichezacheza, kama anamjibu mtu.

"Mtoto yule anaongea na mama yake," majirani walinong'ona.

Baba alisikia. Kilichomuuma ni wivu. Mbona mkewe anaongea na mtoto, na yeye hamwambii neno?

Siku ya kwanza ya likizo fupi, mwalimu wa Sikio alifika tanurini.

"Hodi, mzee."

"Karibu, mwalimu. Kama wakubwa wamekutuma matofali, waambie hata asante ya yale ya mwaka jana sijaiona."

"Nimeleta fomu. Inauliza: ukimaliza shule, unataka kufanya kazi gani? Karibu darasa zima limejibu. Madaktari kumi na tisa. Marubani kumi na wawili. Waliobaki, walimu."

"Marubani kumi na wawili! Na jembe watalishika kutoka huko juu?"

Mwalimu alicheka kidogo. "Huandika hivyo kila mwaka. Hizo ndizo kazi walizozisikia. Fomu hupelekwa ofisini, zikafungiwa kabatini. Mwaka huu nimekataa. Jumamosi nawapeleka chuo cha ufundi, wakaone kazi kwa macho yao. Nahitaji saini yako. Tena fomu ya Sikio ni tupu."

"Haendi."

"Kwa nini, mzee?"

"Ana mtu wake hapa."

Mwalimu alitazama banda. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Aliiacha fomu juu ya tofali, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alikuja fundi. Alikuwa mwanamke mnene, amevaa buti, na mafundi wenzake walimwita Mama Spana.

"Miaka yote hii watu wanalalamika," baba alimwambia. "Ndiyo unakuja leo?"

"Barua yenu nimeipata Jumatatu, mzee. Iliandikwa miaka mitatu iliyopita. Sijui ilikuwa inatembea kwa miguu."

Waliingia bandani. Sikio alikuwa mle, ufito sikioni. Fundi hakushangaa. Alitoa bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mtambo, mpini sikioni. Akafumba macho vilevile. Nywele za baba zilisimama.

"Inalia," fundi alisema.

"Tunajua inalia!"

"Kengele hulia, mzee. Simu hulia. Mtambo nao hulia. Kazi yangu ni kujua unalilia nini." Akamgeukia Sikio. "Wewe binti umesikia nini?"

Sikio alimtazama baba yake kwanza.

"Sema, mama," baba alimwambia.

"Ni beringi ya nyuma. Imekauka, imelika. Huwa nahesabu midundo yake. Mwaka jana ilienda taratibu. Sasa inakimbia. Itakatika kabla mvua hazijafika."

Fundi alishusha bisibisi. "Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nasikiliza tu."

Baba alishika ukuta. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeitengeneza. Ningeandika kwenye fomu, mwalimu angeuliza. Halafu wewe mchana ungekaa na nani?"

Baba aliuachia ukuta, akamsogelea.

Fundi alikaa juu ya ndoo. "Binti, hii ni kazi. Nami nimetoka kijijini. Hakuna aliyeniambia kuna chuo, nikapoteza miaka minne. Wewe usiipoteze. Ukitaka, soma sekondari kwanza, shika hesabu na sayansi, kisha uende chuo. Au nenda chuo cha ufundi ukimaliza shule yako, uanze na cheti cha kwanza, upande ngazi. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo uliza mapema. Mtazame mtu akiwa kazini kabla hujaichagua kazi yake. Na wewe mzee, tazama mtoto anafanya nini bila kutumwa. Hapo ndipo pa kuanzia."

Kisha akainuka. "Nikibadilisha beringi, haitalia tena. Nianze?"

Baba alitazama mtambo. Aliyakumbuka maji ya bwawa, na rangi yake ndani ya kikombe cha mkewe.

"Anza," alisema. "Lakini spana ashike yeye."

Mtambo ulizimwa. Sikio alifungua nati moja moja. Beringi ilianguka juu ya gunia, gololi zake nyeusi kama mkaa. Ndipo, mtambo ukiwa umezimwa, sauti ile ikalia mara moja tena. Ilikuwa fupi. Ilikuwa karibu.

"Upepo kwenye bomba," fundi alisema, bila kumtazama mtu.

Nje hapakuwa na upepo. Hakuna jani lililotikisika.

Walipouwasha tena, mtambo ulinguruma vizuri. Baba alisubiri mpaka jua likapinda. Kisha aliomba kalamu, akaandika jina lake kwenye fomu, herufi moja moja. Juu yake Sikio aliandika: fundi mitambo.

Jumamosi alikwenda chuoni na wenzake. Tangu hapo, kila muhula mwalimu humwalika mtu wa kazi darasani: mkunga, mpima ardhi, mfuga nyuki. Watoto huuliza, kisha huenda kumwona akiwa kazini. Fomu za mwaka jana zilikuwa na kazi ishirini na tatu tofauti. Wakubwa walikuja kupiga picha. Wamezoea.

Sikio alipata nafasi chuoni. Likizo ya kwanza alirudi na mikono yenye alama za grisi. Wakati wa kula baba alimtazama sana.

"Mama yako angefurahi," alisema. Hakuwa amemtaja mbele ya mtoto tangu mazishi.

Sikio aliweka kijiko chini. "Alikuwaje, baba? Mimi nilikuwa mdogo."

Baba alisogeza kiti karibu.

"Mbishi," alianza. "Mbishi kama wewe."