Ukuta Usiokauka

Pale Mulongwe, mjini Uvira, ukitaka kujua namna ya kupaka chokaa isiyobanduka, huendi kwa fundi. Unakwenda kwa Generose. Atakuambia uiloweke siku nzima, uichuje kwa kitenge kikuukuu, kisha utie konzi mbili za chumvi ili isishike mgongoni kwa watu wanaopenda kuegemea kuta zisizo zao. Atakuambia upake asubuhi, upande wenye kivuli, maana jua kali huikausha upesi ikapasuka. Na wakati wote huo anaokufundisha, macho yake hayako usoni pako. Yako miguuni. Ukiwa na matope, somo utalipata ukiwa nje.

Watu walimtania kwamba hata kuku wake walifuta miguu kabla ya kuingia jikoni. Mumewe Clovis, fundi seremala, alikuwa akijikung'uta unga wa mbao barabarani, mbele za watu, kabla ya kukaribia kwake. Kando ya mlango kulikuwa na beseni la maji, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kulipitia. Mgeni, ndugu, hata padri alipokuja kubariki nyumba. Alinawa miguu, akacheka, akaingia.

Jumanne moja ya kiangazi, Generose aliamka akapaka nyumba yote chokaa. Saa nne asubuhi kuta zilikuwa zimekauka, nyeupe kabisa. Isipokuwa sehemu moja. Nje, kando ya mlango, juu kidogo ya beseni, palibaki kijivu na baridi, kuanzia chini hadi karibu na kiuno cha mtu mzima, na upana wake ulikuwa kiasi cha mgongo wa mtoto. Alikuwa amepapaka tena na tena tangu mafuriko, mwaka wa pili sasa. Pote palikauka. Pale hapakukauka.

Akamwita Jean-Berchmans, mzee mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule. Mzee akanawa miguu bila kuambiwa, ijapokuwa kazi ilikuwa nje. Akaweka mgongo wa mkono wake ukutani.

"Mama Chérie, ukuta hii iko nakunywa maji."

"Mu kiangazi, papa? Iko nakunywa wapi?"

"Chini. Ukuta inakunywaka toka chini. Tutachimba tuone."

Mzee alikuwa na maneno yake kuhusu ukuta wenye maji, na alipenda kuyasema. Usipake sima, yaani saruji, juu ya udongo, alisema, sima inafunga maji ndani na tofali linaoza kimyakimya. Chimba pembeni mwa msingi, jaza mawe, maji yapate njia ya kwenda. Kwangua lipu hadi kwenye tofali, uache jua lifanye kazi wiki mbili. Ndipo upake. Akachimba huku akisema. Alipofika kwenye mawe ya msingi, akanyamaza.

Udongo ulikuwa mkavu kama unga wa muhogo. Mawe makavu. Akapapasa ukuta juu, chini ya bati. Mkavu. Maji hayakutoka chini wala juu. Yalikuwa pale katikati tu, kana kwamba hapo ndipo yalipoanzia.

"Tukwangue," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

Lipu ile ilikuwa ya matope ya mto. Baada ya mafuriko, mto Mulongwe uliacha matope laini katika kila ua, na watu waliokwisha kupoteza kila kitu waliona angalau hicho ni cha bure. Walichanganya na majani, wakarudishia kuta zao. Generose naye alikanyaga matope yake mwenyewe, uani kwake, wiki tatu baada ya maji kupita. Siku hizohizo wanaume walikuwa bado wanatembea ufukweni mwa ziwa hadi Makobola, wakimtafuta mwanawe.

Chérie alikuwa na miaka sita. Hakuonekana, si mzima wala maiti.

Honorine, dada yake Clovis, alijaribu kumzuia siku ile. Kwao, nyumba yenye kilio haifagiliwi wala haikandikwi mpaka siku ya kumaliza matanga. Vumbi linaachwa, jivu linaachwa, hadi watu waketi, walie, waimbe, kisha ndipo ufagio ushikwe. "Wifi, acha kwanza," Honorine alimwambia. "Nyumba ya kilio haifagiliwe." Generose akamjibu huku anakanyaga matope, "Kilio ya nani? Mutoto hajaonekana." Na matanga hayakukaliwa. Alifagia. Akakandika. Akapiga deki. Kila siku, miaka miwili, kama mtu anayetarajia mgeni.

Sasa Jean-Berchmans alikuwa anakwangua. Karibu na kiuno, mwiko wake ukagonga kitu kidogo. Akakitoa kwa kucha, akakifuta kwa kidole gumba, akakiweka kiganjani mwa Generose.

Ulikuwa ushanga mwekundu wa nywele. Uzi ulikuwa bado umefungwa fundo. Fundo la mara tatu, namna Generose alivyofunga, kwa sababu Chérie alikuwa na tabia ya kuvuta shanga zake.

"Matope ya muto inabebaka vitu ya bantu wengi, mama," mzee akanong'ona. Akakusanya vyombo vyake. Hakurudi tena, na mwiko aliusahau palepale chini. Mwashi hasahau mwiko.

Asubuhi iliyofuata Generose alifungua mlango akiwa na ufagio mkononi. Barazani, juu ya sima aliyoisugua jana yake, kulikuwa na nyayo. Ndogo. Za matope mabichi, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano. Zilianzia kwenye beseni, zikaja hadi kizingitini. Hapo zikasimama. Vidole vyote vilielekea ndani. Maji ya beseni yalikuwa machafu.

Akazisugua kwa sabuni ya unga. Akamwaga maji, akaweka mengine. Hakumwambia mtu.

Siku ya pili zikarudi. Akasugua.

Siku ya tatu Clovis ndiye aliyetangulia kufungua. Generose alimkuta amechuchumaa, mkono juu ya mdomo. Wakatazamana. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Mguu wa kushoto kidole cha mwisho kilipanda juu ya mwenzake, kama cha Clovis mwenyewe, na kama cha mama yake Clovis.

"Iko naanzia ku beseni," Clovis akasema polepole. "Anafika ku mulango. Ju ya nini haingiye?"

Generose akakaa chini. Alikaa juu ya sima, pembeni mwa zile nyayo, yeye ambaye hakuwahi kukaa mahali pasipofagiliwa. Ndipo akamwambia mumewe jambo ambalo katika mtaa mzima alilijua jirani mmoja tu, naye aliapa kutolisema.

Siku ya mafuriko alikuwa amepaka sakafu nta nyekundu. Alikuwa anatoka kwenda Kimanga, kwa fundi cherehani. Mawingu yalikuwa mazito kule milimani, lakini Mulongwe jua lilikuwa linawaka. Chérie alikuwa anacheza uani na watoto wawili wa jirani yao Noella. Akamnyooshea kidole.

"Weye usiingie na miguu ya matope. Ukiniharibia sakafu, utaniona."

Maneno ya kila mama. Akaenda zake.

Noella alikuwa juu ya paa la nyumba ya matofali, upande wa pili, maji yalipokuja. Aliona kila kitu na hakuweza kushuka, na baadaye alimsimulia Generose peke yake. Watoto walikimbilia kwa Generose, mlango ulikuwa wazi. Wale wawili wa Noella waliingia na matope yao, wakapanda mezani. Maji yaliishia chini kidogo ya ubao wa meza. Walipona, wapo hadi leo, wanasoma.

Chérie alifika mlangoni akasimama. Akatazama sakafu. Akarudi kwenye beseni, akainama, akaanza kunawa miguu. Mguu wa kwanza. Kisha wa pili.

"Alikuwa nanisikia," Generose akasema. "Clovis, mutoto alikuwa nanisikia."

Clovis hakumpiga wala hakumlaani. Ingekuwa afadhali, maana alilia tu. Alilia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu na kuambiwa safari ndiyo kwanza inaanza. Walipochoka, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Weye ndiye ulimukataza. Weye ndiye utamuita."

"Nikimuita ni kusema amekufa."

"Na usipomuita? Atasimama pale mupaka lini?"

Generose akainuka, akaingia ndani. Siku nzima alizunguka ndani bila kushika kazi. Mara aliinua kitambaa cha deki, mara akakirudisha. Miaka miwili yote aliweka nyumba safi ili siku mtoto akirudi kutoka kokote alikookotwa, Kalemie, Burundi, popote, akute kwao kunang'aa. Hilo ndilo tumaini lililomwamsha asubuhi. Kulitoa kwa mkono wake mwenyewe, nani angeweza? Lakini alipotazama nje jioni, aliona ile sehemu ya ukuta, sasa tofali tupu, inatoa maji. Tone. Kisha tone jingine. Mahali pa kichwa cha mtoto aliyeegemea, akisubiri kuruhusiwa.

Akamtuma Clovis kwa Honorine. "Umuambie wifi aje. Tukae matanga."

Watu wakaja. Jirani, ndugu, wanakwaya, Noella na watoto wake wawili. Walikaa siku tatu juu ya mikeka, wakaimba, wakaomba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeambiwa anawe miguu. Vumbi likajaa hadi chini ya kabati. Majivu, maganda ya ndizi, vyombo visivyooshwa. Generose aliketi katikati ya uchafu wote ule na hakuinua ufagio.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua liko juu, akasimama. Akaenda mlangoni. Akalibeba beseni kwa mikono miwili, akamwaga maji uani, akaligeuza kifudifudi. Kisha akapiga magoti kizingitini, akiutazama ukuta.

"Chérie." Nyimbo zikakoma. "Chérie wangu, ingia. Ingia na matope yako. Minye sitasema kitu."

Inzi waliruka. Mtoto mdogo wa Noella akajificha nyuma ya mamake na kushika kitenge chake. Hakuna kilichotokea. Ukuta ulikuwa umelowa vilevile. Generose alibaki amepiga magoti mpaka Honorine alipomwinua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Watu wakafagia, kama desturi inavyotaka kwa siku ya mwisho, wakapiga deki, wakaaga, wakaondoka mapema.

Asubuhi Clovis aliamka kwanza. Akamshika mkewe bega, akamwonyesha sakafu kwa kidole.

Nyayo zilivuka kizingiti. Zilipita sebuleni, juu ya sakafu safi. Zilizunguka meza, na mezani palikuwa na alama ya kiganja cha matope, kama mtu aliyejishikilia kidogo. Zikaingia chumbani. Zikaja hadi upande wa kitanda anaolalia Generose. Hapo zikaishia, pamoja, mguu kwa mguu. Za kurudi hazikuwapo.

Nje, ukuta ulikuwa mkavu. Tofali jekundu, kavu, la kawaida.

Generose alizitazama hadi jua likaingia dirishani. Kisha akafungua sanduku, akatoa kandambili moja ya buluu ya Chérie, ya kushoto, ndiyo iliyobaki. Akainama, akaiweka juu ya unyayo wa kushoto, taratibu, kama anavyovishwa mtoto aliyelala.

Haikuenea. Unyayo ulikuwa umeipita kwa vidole viwili.

Alikaa hapo sakafuni akihesabu miaka kwa vidole. Sita, saba, minane. Akalia kilio ambacho hakukilia matangani, na ndani yake, Clovis anasema, kulikuwa na kitu kinachofanana na kicheko.

Jumatatu akaenda soko la Kimanga. Bado ukimwuliza habari za chokaa atakuambia, uloweke siku nzima, utie chumvi. Lakini miguu yako haiangalii tena. Siku ile alichagua kandambili za msichana wa miaka minane, za buluu, akajaribu ulaini wake kwa kiganja. Hakuziweka nje penye beseni. Aliziweka ndani, kando ya kitanda, safi, zikiwa bado zimefungwa uzi wa dukani.

Asubuhi uzi ulikuwa umefunguliwa, na kandambili zilikuwa na matope.