Mkono Pembeni ya Picha

"Huyo mwanamke ni nani?"

Daktari aliuliza kwenye simu, macho yakiwa kwenye kompyuta. Kazi yake ni kusoma picha za eksirei. Jioni hujitolea kuisomea picha hospitali ya mahema, kambini mbali sana, ambako mchumba wake ndiye mpiga picha. Kule mashine ipo, wa kusoma hayupo. Kijana hupiga, hutuma kwa mtandao, binti husoma na kujibu.

"Mwanamke yupi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Mwenye pete. Juzi mkono wake ulikuwa pembeni ya picha, umemshika mtoto. Jana upo. Leo upo tena!"

"Watoto wengine wanaletwa bila mama. Wanajirusha, picha inaharibika. Lazima mtu awashike."

"Kambi nzima, mtu ni huyo tu?"

"Watoto wanampenda."

"Na wewe je?"

Kijana akacheka. Jamani, mwenye wivu hachekewi.

"Cheka! Ukimaliza, waambie wazee wako harusi hakuna."

Akakata simu. Ujumbe ukaingia:

"Nimekosa kucheka, nisamehe. Ila mtoto huyu anapumua kwa shida. Nigombeze baadaye, soma picha kwanza."

Alikuwa amefura, lakini hakumnunia mtoto. Akasoma kifua, akaandika haraka: "Maji yamejaa upande wa kulia, yanabana pafu. Yatolewe sasa hivi."

Ndipo macho yakashuka pembeni ya picha, kumtazama adui yake. Leo mkono ulionekana wote. Viungo vilikuwa vimelika. Vidole vimepinda. Pete imenasa nyuma ya kifundo cha kidole kilichovimba, haivuki tena. Siku zote hizo alikuwa akiona pete, mifupa haioni.

Akapiga simu.

"Huyo mwenye pete ana miaka mingapi?"

"Mwenyewe hajui. Anasema sabini. Ukimchokoza, ishirini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

"Mpe simu."

Sauti kavu, yenye furaha, ikasikika:

"Ndiye wewe mke mwenzangu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unaniachia mume. Simtaki! Akila haoshi chombo."

Daktari akacheka, machozi yakimtoka.

"Bibi, hupewi glovu nzito za kuzuia mionzi?"

"Napewa, nazivua. Mtoto mwenye hofu anataka ngozi ya mtu."

"Lakini mionzi inadhuru, bibi yangu."

"Kwa umri huu, initafute mpaka lini?"

"Kesho vaa. Kwa ajili yangu."



"Hayo ya kuombwa vizuri, siwezi kukataa."

Kijana akapokea simu.

"Haya, wazee niwaambieje?"

"Hujawaambia bado?"

"Nilijua ukitulia utaona."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa nakuonea. Mtoto anaendeleaje?"

"Wanamtoa maji. Analia. Bibi amesharudi kumshika."

"Basi weka simu karibu na sikio la mtoto," akasema Daktari, akisogeza kiti. "Nami nimbembeleze."