Nyaya za Manowari

Jumapili ile Mussab aliamka mapema kuliko siku za kazi. Alikunywa chai amesimama, akaacha mahamri nusu kwenye sahani, akenda kukaa kwenye meza yake karibu na dirisha. Hadeel, mkewe, alikuwa chini kwa Kanze msusi, na redio ya Kanze ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisani mpaka juu ghorofani. Mtopanga nzima ilikuwa imeshaamka na shughuli zake. Hapakuwa na kasoro yoyote.

Kwa kazi yake, Mussab alitengeneza meno ya bandia katika karakana moja ndogo huko Changamwe. Mikono yake ilikuwa imezoea vitu vidogo, na huo udogo ndio uliomtia katika mchezo wake wa manowari. Alinunua visanduku vya vipande vya plastiki vya kuunganisha, vya meli za vita vya zamani, lakini hakuunganisha tu kama karatasi ilivyoelekeza. Mitutu ya plastiki aliikata, mahali pake akapachika sindano mpya za hospitali zilizotolewa ncha. Vyuma vya pembeni mwa sitaha, vile vya kuzuia mabaharia wasianguke baharini, aliviagiza ng'ambo vikiwa vimekatwa kwenye bamba la shaba jembamba kama ganda la kitunguu. Visivyouzwa popote alivichonga mwenyewe. Manowari yake ya safari hii, urefu wa mkono wa mtu mzima, ilikuwa na milango midogo kuliko punje ya mchele, na kila mlango ulifunguka na kufungika.

Kilichobaki ni nyaya za redio, zile zinazovutwa kutoka mlingoti mmoja hadi mwengine. Hizo ndizo zilizomnyima raha. Uzi wa kushonea ulikuwa mnene, na chini ya kioo cha kukuzia ulionekana una manyoya. Nailoni iling'ara. Plastiki aliyoiyeyusha kwa mshumaa akaivuta ilikatika kila alipoigusa. Alipotuma picha kwenye kundi la waundaji wenzake, mmoja alimjibu kwamba kwa nyaya hizo angeweza kufungia mbuzi. Mussab alicheka. Kisha akainuka, akakaa, akainuka tena, akazunguka chumba kizima kama mtu aliyepoteza funguo.

Hadeel akarudi na kichwa kipya, mabutu madogo yaliyolala vizuri, na mkononi ameshika kifurushi cha kitambaa.

"Mussab, nizikie hizi pale uani. Mimi natia mikono kwenye unga."

Zilikuwa nywele zilizotoka kwenye kitana. Tangu utotoni kwao Likoni, Hadeel alifunzwa na mamake, Bi Sheikha, kuwa nywele za mtu hazitupwi ovyo. Hukusanywa, hufungwa, huzikwa.

"Inshallah," alisema Mussab, akashuka.

Uani alikifungua kile kifurushi ili aone tu. Akatoa unywele mmoja, akauinua kwenye jua. Ulikuwa mweusi, mwembamba, haung'ari, na ulinyooka vizuri alipouvuta kwa vidole viwili. Akasimama pale muda mrefu na jembe mkononi. Hakuchimba. Kifurushi kilirudi naye juu, mfukoni.

Kufikia alasiri nyaya zote zilikuwa mahali pake, kila ncha imeshikwa na tone la supagluu. Alikaa nyuma akaitazama manowari yake. Kwa mara ya kwanza haikufanana na kitu cha plastiki. Ilifanana na meli iliyo mbali.

"Abee!" akaitika Hadeel kutoka jikoni.

Mussab akageuka. "Nani kakuita?"

"Si wewe?"

"La."

Hadeel akachungulia mlangoni, unga mikononi. "Kuna mtu kaniita," alisema. "Kwa jina langu la utotoni."

Siku ya pili yake alianza kulalamika kichwa. Alidhani Kanze amembana, akashuka akafumuliwa. Haikusaidia. Siku iliyofuata Mussab alimkuta anatembea huku anaegemea ukuta. Alisema sakafu inainama, inakwenda upande huu, halafu inarudi. Mussab akaweka bilauri ya maji mezani, na maji yakatulia tuli.

"Wallahi, inainama," alisema Hadeel. Na alikuwa amejishika kwenye kiti kwa mikono miwili.

Mussab alimpeleka kwa daktari. Wakampima presha, wakampima damu, wakampa vidonge vya kizunguzungu. Wakarudi nyumbani. Walipofika ngazini akamshika mume wake mkono, akamnong'oneza kama mtu anayeona haya.

"Kuna watu wanatembea kichwani kwangu."

"Vipi, wanatembea?"

"Wanatembea. Mmoja nyuma ya mwengine. Nnasikia nyayo zao."

Mussab hakulala vizuri. Asubuhi, kabla ya kwenda Changamwe, aliona mahali kwenye sitaha ya manowari palipokwaruzika, akapapaka rangi ya kijivu, akaiacha ikauke. Siku nzima kazini alikosea. Alipasua kaakaa la bandia la mteja mmoja, akaunguza la mwengine. Aliomba ruhusa akarudi mapema, na hata viatu hakuvua, akavuta kioo cha kukuzia akatazama.

Rangi ilikuwa imekauka. Juu yake palikuwa na alama, ndogo kama vumbi. Mussab aliwaza ni sisimizi. Akasogeza kioo karibu zaidi. Sisimizi hana kisigino.

Nyayo zilitoka kwenye mlango wa nyuma wa meli. Mussab aliuacha umefungwa. Sasa ulikuwa wazi. Zilipita mizinga, zikapita mashua za kuokolea, zikafika kwenye mlingoti mkubwa, pale penye tone la gundi na unywele wa mkewe. Hapo zikakoma. Hazikurudi.

Alishuka ngazi mbio akaingia kwa Kanze. Kwa bahati hapakuwa na mteja. Kanze alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, Mgiriama wa Kaloleni, rafiki wa Hadeel tangu waolewe. Alipouona uso wa Mussab alizima redio.

"Shemeji, kuna nini?"

"Dada Kanze, zile nywele. Za Jumapili."

"Ulizizika?"

Mussab akatikisa kichwa. Akamweleza yote, manowari, nyaya, milango, nyayo. Kanze akaketi polepole kwenye kiti cha wateja.

"Umejenga meli mpaka milango yake inafunguka," alisema, "halafu ukaifunga kwenye kichwa cha mtu. Mulungu wangu. Ulidhani itakaa tupu?"

"Nitazikata sasa hivi."

"Thubutu!" Kanze alimshika mkono. Sauti yake ikashuka ikawa mnong'ono. "Mimi si mganga, mimi nasuka tu. Lakini nyanya yangu alinionya juu ya nywele zilizofungiwa kitu. Hazikatwi. Ukikata, aliye juu ya uzi hubaki upande alioelekea. Fungua. Moja moja. Uwape nafasi ya kurudi."

Walipopanda juu walimkuta Hadeel amelala kwenye mkeka, macho wazi, anatazama dari. Jua la saa nane lilikuwa limejaa chumbani. Nje mtu alikuwa akinadi samaki.

"Wamepumzika kidogo," alisema Hadeel, taratibu. "Sasa wanakuja tena."

"Wanakwenda wapi?" aliuliza Kanze.

Hadeel akagusa sikio lake la kushoto. "Wanatafuta mlango."

Kanze alipiga magoti, akakipakata kichwa cha rafiki yake. Mussab akaketi mezani. Alichovya brashi kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, akagusa tone la kwanza la gundi. Akangoja lilainike. Akakamata ncha ya unywele kwa kibanio.

"Usivute," alinong'ona Kanze.

Hakuvuta. Ncha ikaachia yenyewe. Hadeel akatoa pumzi ndefu.

"Mmoja anashuka," alisema.

Mezani kitu kikalia tik. Sauti ndogo, kama kucha kwenye bati. Mussab akatazama. Mlango mmoja wa manowari ulikuwa umefungwa.

Akaenda kwenye unywele wa pili. Brashi. Kungoja. Kibanio. Tik. Wa tatu. Tik. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta. Kila uzi ulipoachia, mwili wa Hadeel ulilegea kidogo. Vidole vya miguu. Magoti. Mabega. Kanze alikuwa akiomba kwa Kigiriama, midomo tu inacheza.

Ukabaki mmoja. Ulikuwa mrefu kuliko yote, kutoka mlingoti mkubwa mpaka mbele kabisa. Mussab alichovya brashi.

"Ngoja," alisema Hadeel.

Akangoja.

"Huyu amesimama. Yuko kati."

"Mwambie arudi," alinong'ona Mussab.

"Hanisikilizi. Ananitazama."

Walikaa hivyo. Muuza samaki alikuwa ameshapita. Pazia halikutikisika. Feni ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Mussab aliona unywele ukiinama katikati, polepole, kama kamba ya nguo iliyobebeshwa kitu. Ukainama zaidi. Kibanio chake kilikuwa mbali nao kabisa.

Ukakatika.

Hadeel akajipiga kofi sikioni. Kisha akashusha mkono, akatazama kiganja. Hakikuwa na kitu. Akamtazama mume wake, akamtazama Kanze, akatabasamu kama mtu aliyeamka.

"Kumetulia," alisema.

"Amekwenda upande upi?" aliuliza Kanze.

"Kumetulia," alisema Hadeel tena, akaomba maji.

Jioni ile, Mussab alizichimbia nywele zote shimo refu, Kanze akisimamia. Manowari aliifunga ndani ya kanga kuukuu, na kesho yake asubuhi akenda nayo Shanzu. Wauzaji wa vinyago walikuwa ndio kwanza wanatandika bidhaa zao mchangani. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaiweka juu ya maji. Alitarajia ipinduke. Shaba ilikuwa imeifanya nzito juu, na chini ilikuwa na matundu ambayo hakuwahi kuyaziba.

Haikupinduka. Ilitulia kwanza. Kisha ikageuza pua, ikaelekea mawimbi.

"Kaka!" mama mmoja muuza shanga alimwita kutoka ufukweni. "Ina betri hiyo? Unauza bei gani?"

"Haina," alijibu Mussab.

Mama yule akacheka, akadhani anatania. Wote wawili wakaitazama ikipanda wimbi, ikishuka, ikipanda jengine, ikienda kwa mwendo mmoja usiobadilika, mpaka macho yakashindwa.

Nyumbani mambo yakarudi sawa, au karibu sawa. Hadeel alitembea bila kushika kuta. Alipika, alicheka, alishuka kwa Kanze kusukwa, na nywele zake zikazikwa siku ile ile. Mussab alimpa jirani meza yake, na hakuwataka tena wenzake wa kwenye kundi. Lakini hakutulia. Usoni alikuwa na namna ya mtu anayetega sikio. Mara nyingi alimuuliza mkewe kama yuko salama, na mkewe alimjibu alhamdulillahi, mpaka akachoka kuulizwa.

Siku ya Idi Bi Sheikha alivuka kutoka Likoni, amebeba kapu la visheti. Mussab alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mwanangu mimi?"

Hadeel akaja mbio, wakakumbatiana, shavu kwa shavu, sikio kwa sikio. Bi Sheikha alikuwa akicheka. Kisha akaacha kucheka. Hakumwachilia. Alibaki amemshika hivyo, kichwa kimeegemea upande wa kushoto wa bintiye, macho yamemtoka.

"Mama, waniumiza," alisema Hadeel.

Bi Sheikha akarudi nyuma hatua moja. Akamgeukia Mussab, akanong'ona kama yuko matangani.

"Nyumba hii ina mashine gani?"

Mussab alimshika mkewe mabega, akainama, akaweka sikio lake kwenye sikio la Hadeel. Hadeel alidhani wanamfanyia mzaha wa sikukuu, akasimama wima akivumilia, huku anatabasamu.

Ilikuwa mbali sana, chini sana. Ngurumo nzito isiyokatika. Ilikuwa injini. Haikuwa ikienda kasi. Ilikuwa ikipunguza mwendo, kama ya chombo kilichoshakaribia bandari, na nyuma yake mtu alikuwa akipiga kengele.

Madaktari wawili wameshalimulika sikio lile kwa taa zao. Wanasema ni safi, na kwamba linasikia vizuri kuliko la kulia. Hadeel mwenyewe haisikii ngurumo hiyo, na hakuna aliyemwambia kwa nini alipelekwa kwao. Ila wanawake wa Mtopanga wanaomjua, wakikutana naye njiani siku hizi, humkumbatia kwa upande wa kulia tu.